Jiko la mkaa chumbani: kwa nini moto usiotoa moshi ndio wa kuogopa

Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wa Nyanda za Juu Kusini si wa kuchezea. Njombe na Makete kuna asubuhi ambazo majani ya viazi huamka yamebabuka kwa sakitu. Uyole maji ya bomba yanauma vidole, na Mufindi ukungu unalala juu ya mashamba ya chai mpaka jua lipande. Nyumba nyingi hazina kitu cha kupasha joto isipokuwa kile kile kilichopikia ugali. Kwa hiyo saa mbili usiku, chakula kikishaliwa, jiko la mkaa linabebwa kutoka barazani na kuingizwa ndani. Makaa bado mekundu, moshi umekwisha, chumba kinapata uvuguvugu, watoto wanaanza kusinzia. Kitambaa kinasukumwa chini ya mlango kuzuia upepo, kisha taa inazimwa.

Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala hivyo na hawakuamka. Tangazo hutolewa: msilale na jiko la mkaa. Watu husikia, huhuzunika, na mwaka unaofuata jambo lile lile linajirudia. Sidhani kama ni ukaidi. Tangazo linakataza bila kueleza, na katazo lisiloelezwa watu hulipunguza makali kila mmoja kwa namna yake. Mmoja anasema, “Mimi naacha dirisha wazi kidogo.” Mwingine, “Mimi naliingiza moshi ukishaisha.” Mwingine, “Mbona babu zetu walilala na moto miaka yote?” Hoja hizo zina mantiki, na wanaozitoa ni watu wanaowapenda watoto wao na wanaotaka wasitetemeke usiku. Wanastahili kujibiwa.

Tuanze na moshi, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mkaa ni mti uliokwisha kuchomwa nusu kwenye tanuri. Maji na gesi zinazoleta moshi zimeshatoka porini, kilichobaki ni kaboni kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana mkaa mzuri wa miwati hauchomi macho. Kaboni hiyo ikipata hewa ya kutosha huungua yote na kuwa hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Isipopata ya kutosha, huungua nusunusu na kuwa gesi nyingine, kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi koo wala macho. Kwa hiyo moshi ukiisha, kilichoondoka ni kile kilichokuwa kinakuonya. Sumu inaendelea kutoka.

Litazame jiko lenyewe likiwa limekolea. Hewa inaingia kwa chini, pale kwenye kidirisha cha majivu, inakutana na makaa ya chini na oksijeni yake karibu yote inaishia hapo. Hewa ukaa iliyopatikana inapanda kupitia makaa mengine mekundu ya juu yake, na yale makaa yanaigeuza kuwa kaboni monoksaidi. Bila shaka umewahi kuona vimiali vya bluu vikichezacheza juu ya jiko lililoshika moto vizuri. Hiyo ndiyo gesi yenyewe, inaungua pale inapofika juu na kukutana na hewa safi. Vimiali vikizimika, gesi inaendelea kupanda, ila sasa inaingia chumbani bila kuungua. Jiko lililotulia, jekundu, lisilo na mwali wala moshi, ambalo kila mtu analiona limeshakuwa salama kuingizwa ndani, linaweza kuwa limefika hatua mbaya kuliko lilipokuwa linafuka.

Halafu tunaliongezea ubaya kwa mikono yetu. Kabla ya kulala mtu anamwaga mkaa mpya juu ya ule mwekundu ili moto ufike asubuhi. Au anaufukia kwa majivu, anaziba kile kidirisha cha chini, ili mkaa uende polepole. Kwa upande wa kubana matumizi ni akili nzuri, na gunia la mkaa siku hizi halikamatiki bei. Lakini kuupunguzia moto hewa ndiko kuuagiza utoe kaboni monoksaidi. Chumba chenyewe nacho kinafanya hivyo hivyo: kadiri kilivyofungwa, ndivyo oksijeni inavyopungua, na kadiri inavyopungua ndivyo jiko linavyozidi kutoa sumu.

Sasa twende kwenye damu. Ndani ya chembe nyekundu kuna himoglobini, ambayo kazi yake ni kupokea oksijeni kwenye mapafu na kuisambaza mwilini. Ichukulie kama Coaster ya Mbeya kwenda Tukuyu: abiria anapanda, anashuka kituoni kwake, kiti kinabaki wazi kwa mwingine. Kaboni monoksaidi ni abiria anayewahi kiti kuliko wote na hashuki. Inashikana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Ndiyo maana kiasi kidogo tu hewani kinatosha. Sehemu 1,600 kati ya milioni moja, yaani asilimia 0.16 ya hewa ya chumba, huleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu ndani ya dakika 20 hivi, na inaweza kuua ndani ya saa mbili. Mtu anavuta pumzi kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa oksijeni.

Huku kwetu kuna jambo jingine la kuongeza, na sijasikia likisemwa vya kutosha. Tunaishi juu. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe ni juu zaidi, na vijiji vingi vya Makete vimepita mita 2,000. Kwenye mita 2,000 kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Aliyezaliwa huku mwili umeshazoea, lakini akiba ya kupoteza ni ndogo kuliko ya mtu wa Pwani.

Watu huuliza: kwa nini mtu asiamke akaondoka? Swali hili linaumiza, hasa kwa waliofiwa, kwa sababu ndani yake kuna lawama. Jibu ni kwamba mwili wetu hutushtua usingizini kwa kukabwa, yaani hewa ukaa inapojaa kwenye damu. Katika sumu hii mtu anaendelea kutoa hewa ukaa yake vizuri, kwa hiyo kengele hiyo hailii. Usingizi unazidi kuwa mzito. Na hata anayeamka na kuhisi kuna jambo, akili inakuwa imechanganyikiwa na miguu haina nguvu. Wengine hukutwa wameanguka karibu na mlango. Aliyekunywa ulanzi au komoni jioni yuko kwenye hatari zaidi, maana kichwa kikiuma na tumbo kikichafuka atadhani ni pombe tu, ataendelea kulala.

Na hoja ya babu zetu? Ni kweli waliota moto ndani na wengi walizeeka. Lakini angalia nyumba zao. Kuta za miti na udongo, paa la nyasi, uwazi kati ya ukuta na paa, mlango wa mbao usiobana. Moto wenyewe ulikuwa wa kuni, unaotoa moshi, na moshi ukizidi mtu anakohoa na kufungua mlango. Nyumba ilikuwa inapumua. Leo tumejenga kwa tofali za kuchoma na bati, tumepiga lipu, tumeweka dari ya jipsamu, sakafu ya vigae, dirisha la aluminiamu lenye kioo kinachobana. Ni maendeleo mazuri, nayafurahia. Ila tabia ya kuota moto ndani ilizaliwa kwenye nyumba ya aina nyingine kabisa. Tumeihamishia kwenye chumba cha kupanga cha mita tatu kwa tatu, tukabadilisha na kuni kuwa mkaa.

Tena wazee hawakutoka salama kama tunavyopenda kukumbuka. Macho mekundu, kikohozi kisichoisha, watoto wanaopata nimonia mara kwa mara, hayo ni malipo ya moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hiyo ni habari ndefu inayotaka makala yake. Naigusa ili mtu asielewe kwamba nasema turudi kwenye kuni.

Nirudi kwenye dirisha lililoachwa wazi kidogo. Uwazi unasaidia, sikatai, lakini hakuna anayeweza kukuambia ni upana gani unatosha. Inategemea ukubwa wa chumba, wingi wa mkaa, upepo wa usiku ule, na kama kuna tundu la pili upande wa pili wa kuingizia hewa. Saa tatu upepo unavuma, saa saba umetulia. Na baridi ikizidi, mmoja wenu ataamka akiwa nusu usingizini, afunge. Kipimo kisichoweza kupimwa hakifai kuwekewa roho za watoto.

Wapo wanaoweka beseni la maji karibu na jiko, au sufuria juu yake, wakiamini maji yatanyonya sumu. Maji hayawezi, gesi hii karibu haiyeyuki kwenye maji. Kitambaa kibichi puani hakiizuii. Wapo pia wanaosema hewa ile ni nzito, inatambaa chini, kwa hiyo anayelala kitandani amepona na wa kwenye godoro la chini ndiye aangaliwe. Kaboni monoksaidi ina uzito karibu sawa na hewa, tena nyepesi kidogo, na inajichanganya chumba kizima, juu na chini. Inapita pia kwa jirani. Nyumba nyingi za kupanga kuta zake haziendi mpaka kwenye bati. Vyumba sita vinagawana nafasi moja ya darini. Jiko la mwenzako wa chumba cha pili linaweza kuwa jiko lako. Ukisikia harufu ya mkaa chumbani kwako na hukuwasha, gonga mlango wake, hata kama ni saa sita usiku.

Mahali penye ugumu kuliko pote ni chumba cha mzazi. Mama amejifungua, ametoka hospitali, yuko kwao au ukweni, na kwa mapenzi makubwa anawekewa jiko chumbani usiku na mchana ili yeye na kichanga wasipigwe na baridi. Nguo za mtoto zinakaushwa juu yake. Kichanga anapumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo anaingiza sumu haraka zaidi. Kwa mjamzito hali ni mbaya vilevile, kwani damu ya mtoto aliye tumboni inaishika gesi hii kwa nguvu na kuchelewa kuiachia, na mtoto anaweza kuumia wakati mama anajiona ana kichwa tu.

Nani amwambie bibi? Mkwe hawezi kusimama na kusema jiko litoke, ataonekana ana dharau au ameletewa mambo ya mjini. Muuguzi wa zahanati anayemtembelea mzazi anaweza, kwa utaratibu wake. “Shikamoo bibi.” “Marahaba mwanangu.” “Bibi, umemtunza mjukuu vizuri, mwili wake una joto. Naomba kitu kimoja: hili jiko tulitoe barazani, tuchemshie maji hukohuko, mtoto tumweke kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, tuwafunike wote wawili kwa blanketi.” Bibi atauliza kama joto hilo linatosha. Linatosha. Ndiyo njia ya kangaruu inayotumika hospitalini kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo, na kifua cha mama hakitoi sumu. Baba wa mtoto naye anaweza kulisema hili kwa mama yake mzazi, tena lingefaa litoke kwake kwanza.

Jiko halina dhambi peke yake. Pasi ya mkaa inayonyooshea sare za shule chumbani mlango ukiwa umefungwa inatoa gesi ile ile. Bodaboda anayelaza pikipiki koridoni na kuipasha injini alfajiri kabla ya kufungua mlango mkubwa anaijaza nyumba nzima gesi hiyo watu wakiwa bado wamelala. Jenereta iliyoingizwa ndani ya saluni kwa kuogopa wezi ni hatari kubwa zaidi, kwa kuwa injini ya petroli inatoa gesi hii kwa wingi na kwa kasi. Jiko la gesi linaungua safi zaidi, mwali wake wa bluu unatoa kidogo sana, lakini mwali ukigeuka wa njano au chumba kikiwa kimefungwa, nalo linaingia kundi hilo. Lisigeuzwe kuwa la kupashia chumba.

Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Naona hata hivyo kwamba kwa mikoa yetu kuna swali ambalo neno “kupikia” haliligusi. Mtu wa Makambako au Tukuyu anapohama kwenye mkaa na kununua mtungi wa gesi, anapoteza pia joto la jioni. Asipoonyeshwa njia nyingine ya kupata joto, atabaki na gunia la mkaa kwa ajili ya usiku, na usiku ndio wenye hatari.

Njia zipo, na nyingi ni za kupasha mwili badala ya chumba. Ota moto nje au barazani mpaka damu ichangamke, kisha jiko libaki huko huko ukiingia ndani. Kabla halijapoa chemsha maji, uyatie kwenye chupa ya mpira ya maji ya moto au chupa ngumu yenye kifuniko kinachobana, uifunge kwa khanga, uiweke miguuni kitandani nusu saa kabla ya kulala. Kwa mtoto mchanga, pasha kitanda kisha iondoe, isimguse. Vaa soksi na kofia, na kwa wenye nywele chache hata mzula wa sufu. Baridi kubwa ya usiku inatoka chini: anayelalia godoro kwenye sakafu ya simenti au vigae aweke kwanza mkeka na maboksi yaliyokunjuliwa, atashangaa tofauti yake. Pazia zito kwenye kioo linasaidia. Nguo zenye unyevu zisilale chumbani. Hita ya umeme inakula yuniti za Luku, na inataka waya mzima na umbali kutoka kwenye blanketi, lakini haitoi gesi hii.

Na kama unapikia ndani kwa sababu nje kunanyesha, mlango na dirisha viwe wazi vyote viwili, jiko liwashiwe nje mpaka likolee, na litoke mara chakula kikiiva. Anayelala asiwe kwenye chumba hicho.

Dalili za mwanzo zinafanana na mambo mengi tunayoyajua: kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, moyo kwenda mbio. Mtu anaweza kumeza dawa ya malaria au kulaumu chakula. Tofauti iko hapa: malaria haiwapati watu wote wa chumba kimoja saa ile ile, na haipungui kwa kutoka nje. Kama mnaumwa kichwa wote mkiwa na jiko, na ukisimama uani dakika kumi unapata nafuu, usirudi ndani kulala.

Ukikuta mwenzako hajitambui, vuta pumzi ukiwa nje, fungua mlango na madirisha, mburute mtoke. Usibaki ndani kulizima jiko kwanza. Waokoaji wengi wanaanguka hapo. Asipewe maziwa wala kitu chochote mdomoni. Sumu hii haiko tumboni, na mtu aliyezimia anaweza kupaliwa akafa kwa maziwa yenyewe. Kama hapumui, anayejua kubana kifua na kumpulizia hewa aanze. Wengine watafute gari au bajaji, wapige 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Anachohitaji ni oksijeni ya mtungi au mashine. Kwa hewa ya kawaida damu huchukua saa nne mpaka sita kutoa nusu tu ya gesi hii. Kwa oksijeni safi ya barakoa ni saa moja na nusu hivi.

Mkifika mapokezi, semeni kwa sauti na mara ya kwanza kabisa: “Walilala na jiko la mkaa.” Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoshikwa na kaboni monoksaidi. Kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu anayekufa, na muuguzi mwenye foleni ndefu akaamini kuwa hali ni nzuri. Mjamzito apelekwe hata kama anasema hajambo, na watoto wote waliokuwa chumbani wapimwe, akiwemo yule aliyeamka akicheza.

Baada ya kuruhusiwa, ndugu waendelee kumtazama kwa wiki kadhaa. Wapo wanaopona kabisa, na wapo ambao siku chache au hata mwezi baadaye wanaanza kusahau mambo, kubadilika tabia, kukasirika ovyo, kutembea kwa kuyumba. Huko mitaani mtu wa namna hiyo huhesabiwa kuwa amerogwa au amechanganyikiwa na mawazo. Arudishwe hospitali, na daktari aambiwe habari za usiku ule wa jiko, hata kama umeshapita muda mrefu.